Kifaduro: mbona huyu mkubwa anachomwa tena?

Maswali haya nayasikia sana kwa wazazi wenzangu huku Marekani, hasa ikija barua ya shule kwamba mtoto anayeingia darasa la 7 lazima awe na Tdap, chanjo yenye kinga ya kifaduro.

Wangu alipata penta zote (ile chanjo ya wachanga yenye kinga ya kifaduro ndani) kule nyumbani kabla ya kuja huku, kadi ninayo. Ya nini tena?
Penta ya wiki ya 6, 10 na 14 ilimlinda pale kifaduro kinapoua zaidi, yaani uchangani. Ila kinga yake haidumu, inapungua mwaka hadi mwaka, kwa hiyo akifika miaka 11 au 12 wanamchoma dozi moja ya kuiamsha. Kadi usiiache nyumbani, nesi akikuta kuna dozi hazijatimia kwa hesabu ya huku atampangia zilizobaki.

Tdap ndo nini?
Pepopunda, dondakoo na kifaduro, sindano moja tu. Hizo d na p ndogo sio makosa ya kuandika, maana yake dozi ya dondakoo (d) na ya kifaduro (p) imepunguzwa kuliko ya watoto wadogo.

Kwani kijana wa miaka 13 atakufa na kikohozi?
Mara nyingi hapana, shida ni mdogo wake. Kijana anaanza na mafua ya kawaida wiki moja au mbili, halafu kikohozi kinakuja mfululizo hana hata nafasi ya kuvuta hewa, kashika meza, macho mekundu, anamalizia kwa kutapika, baada ya dakika mbili yuko kwenye simu anacheka kama sio yeye. Nyumba nzima mnasema aleji hiyo. Inaweza kwenda mpaka wiki 10, na muda wote huo ndo anambeba mtoto wa miezi miwili, ambaye akiambukizwa pengine hata hakohoi, anaacha kupumua tu, midomo inabadilika rangi. California mwaka 2010 walipata wagonjwa zaidi ya 9,000, watoto wachanga 10 wakafa, na mwaka uliofuata ndo sheria ya Tdap kwa darasa la 7 ikaanza kule.

Akichomwa ndo hapati kabisa?
Anaweza kupata. Mwaka wa kwanza inakinga kama watu 7 kwa 10, ukifika wa nne imeshuka sana. Ndo maana mama mjamzito anachomwa kila mimba, wiki ya 27 hadi 36, ili mtoto azaliwe na kinga ya mama.

Sina bima je?
Chini ya miaka 19 asiye na bima anapata chanjo bure kwa mpango wa serikali. Kliniki inaweza kudai hela kidogo ya kuchoma, ila ukishindwa hawaruhusiwi kumnyima.

Madhara?
Mkono kuuma, kichwa, uchovu siku moja mbili. Na akae pale dakika 15 kwanza, vijana huzimia baada ya sindano, na msicheke, mara nyingine ni lile jitu lenu refu la basketi ndo linaenda chini.