Eneo pofu la lori ni nini?

Eneo pofu ni sehemu ya barabara iliyo karibu na lori ambayo dereva haioni, si kwa kioo cha mbele wala kwa vioo vya pembeni. Kila lori lina maeneo manne ya namna hiyo, na gari dogo zima linaweza kupotelea humo mchana kweupe.

Mbele, hasa kwa lori lenye boneti ndefu, upofu unafika kama mita 6 kutoka kwenye bampa. Nyuma ni kama mita 9, kwa sababu tela limeziba kila kitu. Anayelibana tela naye haoni shimo, tuta wala gari lililoharibika mbele. Mlimani, kama pale Kitonga mkoani Iringa, lori lililosimama likianza kuondoka linaweza kurudi nyuma kidogo, kwa hiyo acha nafasi.

Pembeni ndiko watu wanakofia. Kwa kuwa usukani wetu uko kulia, upofu mkubwa uko kushoto: unaweza kufunika upana wa njia mbili. Kwenye kona ya kushoto au kipilefti, dereva wa semitrela (lori la kichwa kinachovuta tela) huvuta kichwa kulia kwanza ili matairi ya nyuma ya tela yasipande ukingo. Hapo kushoto panafunguka uwazi, na bodaboda huuona kama njia. Sekunde chache baadaye tela linakata kona kwa ndani na uwazi unafungwa. Ukiona indiketa ya kushoto inawaka, baki nyuma mpaka tela lote limalize kupinda, hata kama wa nyuma yako wanapiga honi.

Angalia pia namba za gari. Rwanda, Burundi na Kongo huendesha kulia, hivyo malori mengi ya huko yana usukani kushoto. Kwa hayo, upofu mkubwa uko kulia, upande uleule unaotumia kuovateki.

Namna ya kujipima ni rahisi: tazama saiti mira ya lori, yaani kioo chake cha pembeni. Usipouona uso wa dereva ndani yake, naye hakuoni. Ukiuona, bado haina maana kwamba anakutazama.

Unapopita, usikae ubavuni. Lori la mita 18 likienda kilomita 60 kwa saa nawe 80, kulipita kwa nafasi salama kunachukua kama sekunde 11, na wewe utakuwa umekwenda karibu mita 250. Anayekuja mbele kwa kasi kama yako naye amekula mita 250. Unahitaji nusu kilomita iliyo wazi. Indiketa ambayo dereva wa lori anakuwashia ukiwa nyuma yake, kulia akimaanisha ngoja na kushoto pita, isikuondolee wajibu wa kuona mwenyewe. Huenda anakata kona tu.

Rudi kushoto pale tu unapoziona taa zote mbili za mbele za lori kwenye kioo chako cha ndani, kisha usikanyage breki ghafla: breki za upepo huchelewa kidogo kushika, na nyuma yako kunaweza kuwa na tani 50.