Ruzuku ndogo ya ufuatiliaji wa misitu ni nini?

Neno ruzuku lina matumizi mawili, na watu huyachanganya. Serikali ikibeba sehemu ya bei ya mbolea ili mkulima aipate kwa nafuu, hiyo ni ruzuku. Mfadhili akiipa asasi fedha za kufanya kazi fulani kwa muda fulani, bila kutarajia zirejeshwe, hiyo nayo ni ruzuku. Hapa tunazungumzia hii ya pili. Huwezi kuiita mkopo, maana hailipwi. Wala si zawadi, kwa sababu huja na mkataba, mchanganuo wa bajeti na ripoti, na fedha zikitumika nje ya makubaliano mfadhili anaweza kuzidai.

“Ndogo” ni ndogo machoni pa mfadhili. Mpango wa ruzuku ndogo wa Mfuko wa Mazingira wa Dunia (GEF), ulioanza mwaka 1992 chini ya usimamizi wa UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, kwa miaka mingi ulikuwa na kikomo cha dola 50,000 kwa mradi mmoja. Kwa benki za maendeleo kiasi hicho hakionekani hata kwenye mahesabu. Kwa asasi yenye wafanyakazi wanne na pikipiki moja, ni mwaka mzima wa kazi. World Resources Institute, taasisi ya utafiti ya Marekani, nayo, kupitia Global Forest Watch, jukwaa lake la mtandaoni la kufuatilia misitu lililozinduliwa mwaka 2014, imekuwa na mfuko wa ruzuku ndogo kwa asasi za kiraia zinazotumia taarifa za jukwaa hilo kulinda misitu.

Hizo taarifa zenyewe zinatoka angani. Setilaiti za Landsat za Marekani hupiga picha za nchi kavu ya dunia nzima, na tangu mwaka 2008 picha hizo ni bure kwa yeyote. Doa moja la picha, yaani pikseli, ni mita 30 kwa 30. Setilaiti moja hurudi juu ya eneo lile lile kila baada ya siku 16. Setilaiti mbili zikifanya kazi kwa zamu, ni kila baada ya siku 8. Kompyuta hulinganisha picha mpya na za nyuma, na pale majani yalipotoweka huweka alama. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Maryland walianza kutoa tahadhari za namna hiyo mwaka 2016, zikijulikana kama GLAD. Kikwazo kikubwa ni mawingu, maana misitu ya tropiki hufunikwa wiki kwa wiki msimu wa mvua, na wakata miti wanalijua hilo. Ndiyo maana zimeongezwa tahadhari za RADD za Chuo Kikuu cha Wageningen, zinazotegemea rada ya setilaiti ya Ulaya ya Sentinel-1. Rada hupenya mawingu, na pikseli yake ni mita 10.

Kwenye ramani, tahadhari ni kiraba kidogo cha rangi, basi. Kinachosema ni hiki tu: hapa palikuwa na miti, sasa inaonekana haipo. Hakisemi ni nani wala kwa nini. Huenda upepo umeangusha miti, au mto umebadili njia, au ni shamba la miti iliyopandwa na mwenyewe amevuna mali yake. Huenda pia ni msumeno wa mtu asiye na kibali, na nyuma yake kuna lori linalosubiri giza liingie. Ukiwa mezani hutajua. Lazima mtu aende.

Na kwenda ndiko kunakogharimu. Watu wengi wakisikia “ruzuku ya teknolojia” hufikiria droni na kompyuta kubwa, na maandiko mengi ya miradi, yaani maombi ya fedha, huandikwa kwa fikra hiyo. Naamini hapo ndipo makosa huanzia. Picha ni bure, na programu ya Forest Watcher, iliyotoka mwaka 2017, nayo ni bure. Unaishusha ramani na tahadhari kwenye simu ukiwa na mtandao, unaingia msituni kusikokuwa na mtandao, simu inakuongoza hadi kwenye kiraba, unajaza fomu na kupiga picha ya kisiki. Kinachokosekana ni mafuta ya boti au pikipiki, viatu vya mpira, chaja ya jua, bando, posho ya anayeacha shamba lake siku tatu akapige doria, na mafunzo ya kumwezesha kusoma ramani bila kumngoja mtaalamu. Bajeti yenye vitu hivyo huonekana ya kimaskini, lakini mimi naiamini kuliko ile yenye droni tatu.

Ushahidi upo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 uliangalia jamii 76 za wenyeji katika Amazoni ya Peru, zingine zikipewa ufuatiliaji wa setilaiti na zingine zikiachwa kama kawaida ili kulinganisha. Vijiji vingi havikuwa na intaneti. Kwa hiyo kila mwezi mjumbe alipanda boti akiwa na flashi mfukoni, akapeleka tahadhari na ramani kijiji kwa kijiji. Wanakijiji waliofundishwa walizihamishia kwenye simu, wakatembea hadi kwenye alama, wakarudi kutoa taarifa kwenye mkutano wa kijiji, na mkutano ndio ulioamua hatua ya kuchukua. Mwaka wa kwanza upotevu wa msitu ulipungua kwa asilimia 52 ukilinganishwa na vijiji visivyo na mpango huo. Mwaka wa pili, asilimia 21. Teknolojia ilitoka angani, lakini kiungo kilichoifanya ifike kilikuwa yule mtu wa boti.

Utafiti mwingine wa mwaka huo huo ulichunguza nchi 22 za tropiki, ukiuliza nini hutokea watu wakijiandikisha kupokea tahadhari. Afrika, uwezekano wa msitu kukatwa ulishuka kwa asilimia 18. Amerika Kusini na Asia haukuonekana mshuko kama huo. Kupokea ujumbe, peke yake, hakutoshi kila mahali.

Kwa asasi inayotaka kuomba, masharti ya kawaida yanafahamika: usajili halali, akaunti ya benki, hesabu zinazoeleweka, eneo la mradi linalojulikana. Swali linaloamua mambo hukaa nyuma ya hayo yote: tahadhari ikishathibitishwa, nani anaipokea? Iwapo ni ofisi ya misitu, je, mmeshazungumza nayo, na inakubali picha ya simu yenye tarehe na majiranukta, yaani namba zinazoonyesha mahali ilipopigwa, kama ushahidi? Iwapo ni baraza la kijiji, lina sheria ndogo za kumtoza mkosaji faini? Pasipo na mpokeaji, doria huzaa mafaili ya picha na watu waliochoka.

Kuna jambo la usalama ambalo waombaji hulipitia haraka mno. Mtu wa doria hana silaha wala mamlaka ya kukamata. Anapokutana uso kwa uso na wakata miti, yeye ndiye aliye hatarini, na kijijini wanamjua kwa jina. Andiko zito husema wazi kwamba watu huenda kwa kundi, hupiga picha baada ya wahalifu kuondoka, na majina yao hayatokei kwenye ripoti zinazosambazwa. Mahali pengine ni salama zaidi kutuma taarifa kimya kimya kuliko kusogea. Mfadhili anayejua kazi hii hatalalamikia fungu la usalama. Atauliza kwa nini halipo.

Ruzuku nyingi za aina hii hudumu takriban mwaka mmoja, na msitu haujui tarehe ya mwisho wa mkataba. Kile kiwango cha Peru, kutoka asilimia 52 hadi 21, nakirudia akilini kila ninaposoma andiko. Simu zitakuwa na nyufa, betri zitakuwa zinakufa mchana, na tahadhari zitaendelea kuja. Kwa hiyo kwenye andiko natafuta ukurasa unaosema, mwezi wa kumi na tatu, mafuta ya boti na bando vitalipiwa na nani.