Mipaka ya vipimo vya damu: yanayoaminiwa na yaliyo kweli

Dhana: Jibu likitoka nje ya mipaka, kuna ugonjwa.
Mipaka, yaani namba ya chini na ya juu ambazo jibu la kawaida hukaa kati yake, huchorwa kwa kupima watu wenye afya, angalau 120 kwa kila kundi, kisha kukata asilimia 2.5 ya chini na 2.5 ya juu. Kwa hiyo mmoja kati ya kila 20 wenye afya yuko nje tangu mwanzo. Ukipima vitu 20 visivyotegemeana, uwezekano wa angalau kimoja kutoka nje ni asilimia 64. Sukari haimo humu: 7.0 mmol/L kabla ya kula ni mpaka wa kutambua kisukari, na hakuna maabara inayojiwekea wake.

Dhana: Mipaka iliyomo kwenye kijitabu cha vitendanishi (kemikali za kupimia) inatosha.
Hili ndilo linaloumiza watu zaidi. Vitabu vingi vya Ulaya na Marekani huanzisha nyutrofili (aina ya chembe nyeupe za damu) karibu na 2.0 × 10⁹/L. Utafiti uliochapishwa 2009, uliopima watu wazima wenye afya wa Kenya, Uganda, Rwanda na Zambia, ulikuta mpaka wa chini ni 1.0. Waafrika wengi wana aina ya jeni ya Duffy inayopunguza nyutrofili zinazozunguka kwenye damu bila kudhoofisha kinga. Kwa mipaka ya kuazima, mtu mzima wa afya hukataliwa kwenye majaribio ya chanjo, na mgonjwa wa saratani huahirishiwa dawa bure.

Basi hakikisha kwanza. Pima watu 20 wenye afya wa eneo lako. Wakitoka nje wawili au pungufu, pokea mipaka hiyo. Wakizidi, chukua 20 wengine. Wakizidi tena, kagua upimaji wako, kisha fikiria kutengeneza mipaka yako mwenyewe.

Dhana: Kuoanisha mipaka ya maabara mbalimbali ni zote kuandika namba moja.
Vipimo vyenyewe visipokubaliana, namba moja ni hatari. Kreatinini (taka ya damu inayoonyesha hali ya figo) ikipimwa kwa njia ya Jaffe, inayotegemea rangi, hupandishwa na ketoni (kemikali mwili unazotoa unapochoma mafuta), hivyo figo za mgonjwa wa kisukari aliyejaa ketoni huonekana mbovu kuliko zilivyo. Njia ya kimeng'enya haina tatizo hilo. Gawaneni sampuli zilezile za wagonjwa, za chini hadi za juu, mlinganishe majibu kabla ya kugusa mipaka. Angalieni na vizio vya kuandikia majibu: 1 mg/dL ya kreatinini ni 88.4 µmol/L. Potasiamu ya seramu (majimaji ya damu iliyoganda) huwa juu kidogo ya ile ya plazma (majimaji ya damu iliyozuiwa kuganda), kwa kuwa chembe sahani huimwaga damu inapoganda. TSH (homoni inayoamsha tezi ya shingo) na PSA (protini ya tezi dume) bado hutofautiana kati ya mashine na mashine. Ziacheni na mipaka ya kila mashine.

Dhana: Ukibadilisha mipaka kwenye kompyuta, kazi imekwisha.
Programu nyingine huyapima upya hata majibu ya zamani, na jibu lililokuwa sawa mwaka jana likageuka jekundu. Kila jibu libaki na mipaka ya siku lilipotolewa, na madaktari waarifiwe kabla ya siku ya mabadiliko.