Je, wajua kwa nini Stax haikumiliki nyimbo za Otis Redding?

Wimbo wa mwimbaji Mmarekani mweusi Otis Redding "(Sittin' On) The Dock of the Bay" ulirekodiwa Memphis, jimbo la Tennessee, kati ya Novemba na Desemba 1967, ndani ya jumba la zamani la sinema lililogeuzwa studio. Studio ilikuwa ya Stax, lebo (kampuni ya kurekodi na kutoa muziki) ya hapo hapo Memphis, na hata wapigaji wake walikuwa wa Stax. Otis mwenyewe alikuwa amelelewa hapo tangu 1962, santuri zake zikitoka kwa jina la Volt, lebo dada ya Stax. Januari 1968 wimbo ukatoka, ukapanda hadi namba moja nchini Marekani. Mwaka haujafika katikati, Stax ikagundua kwamba rekodi hiyo si mali yake. Si hiyo tu: karibu kila kitu ambacho Atlantic Records ya New York ilikuwa imeisambazia tangu mwanzo wa miaka ya 60 kilikuwa mali ya Atlantic.

Ilikuwaje lebo ikapoteza kazi yake yote bila kuibiwa na mtu wala kuuza chochote kwa kujua? Jibu la haraka ni kifungu kimoja cha mkataba wa 1965. Lakini kifungu hicho hakieleweki mpaka ujue watu hawa walikuwa wakifanya kazi namna gani.

Jim Stewart alikuwa mfanyakazi wa benki na mpiga fidla wa muziki wa country, mzungu ambaye kwa kukiri kwake mwenyewe hakuwa akiujua muziki wa watu weusi. Mwaka 1957 alianzisha kampuni ndogo ya kurekodi, akaiita Satellite. Dada yake, Estelle Axton, naye alikuwa akifanya kazi benki. Mwaka uliofuata akaweka nyumba yake rehani ili wanunue mashine ya kurekodia ya Ampex. Wakahangaika na vichumba vya hapa na pale, hadi 1960 walipokodi sinema iliyokuwa imefungwa, Capitol Theatre, namba 926 East McLemore Avenue, kusini mwa Memphis. Mtaa ule ulikuwa unageuka kuwa wa Waamerika weusi, kwa sababu wazungu walikuwa wakihama.

Viti vikang'olewa, lakini sakafu ikabaki na mteremko wake, maana kuisawazisha kulihitaji pesa ambazo hawakuwa nazo. Chumba kikawa kikubwa, chenye kuta zisizolingana, na mwangwi wa aina yake. Wanamuziki walipiga pamoja kwa wakati mmoja, wote katika chumba kimoja, wakitazamana. Sikiliza santuri nyingi za Stax za miaka ile uzingatie dramu za Al Jackson Jr.: pigo la pili na la nne linakuja likiwa limechelewa kidogo sana, nalo gita la Steve Cropper linaangukia papo hapo pamoja nalo. Ule uzito unaokufanya utikise kichwa bila kuamua umetokana na watu waliokuwa wakiviziana kwa macho. Motown, wapinzani wao wa Detroit, walikuwa na sauti safi iliyopigwa pasi. Stax ilikuwa na jasho, na mimi sioni haya kusema ni hiyo ninayoipenda zaidi.

Pale palipokuwa duka la bisi, Estelle alifungua duka la santuri. Huyu mama ndiye aliyekuwa masikio ya kampuni. Vijana wa mtaani walikuja kusikiliza bure, naye akiwapigia rekodi ambazo hazijatoka na kutazama nani anacheza na wimbo gani unawatoa mlangoni. Mlango wenyewe ulikuwa wazi. David Porter, kijana aliyefanya kazi katika duka la vyakula ng'ambo ya barabara, aliingia akiulizia kazi ya kuandika nyimbo, na baadaye akawa nusu ya jozi iliyoandika "Soul Man" pamoja na Isaac Hayes. Booker T. Jones alikuwa bado mwanafunzi wa sekondari alipoanza kupiga hapo. Mwaka 1962, akiwa na miaka 17, alikaa kwenye kinanda na wenzake watatu wakimsubiri mwimbaji, wakapiga kitu cha kupitisha muda. Kikawa "Green Onions". Kundi hilo, Booker T. & the M.G.'s, lilikuja kuwa na weusi wawili na wazungu wawili, katika mji ambao sheria na desturi havikuwaruhusu kukaa meza moja hotelini.

Otis naye aliingia hivyo hivyo. Alikuja Agosti 1962 akiwa dereva wa mpiga gita Johnny Jenkins. Kazi ya Jenkins haikwenda vizuri, muda wa studio ukabaki, Otis akaomba aimbe. Akaimba "These Arms of Mine".

Sasa tuje kwenye pesa. Mwaka 1960 Rufus Thomas, mtangazaji wa redio WDIA, aliimba na binti yake Carla wimbo wa "Cause I Love You". Ukauzika vizuri Memphis na miji ya jirani, hadi habari zikamfikia Jerry Wexler wa Atlantic. Wexler akataka Atlantic iwe inachukua rekodi za Memphis na kuzisambaza nchi nzima. Kwa lebo ndogo hii ilikuwa baraka: Atlantic ilikuwa na mawakala na uhusiano na vituo vya redio. Mwaka 1961, baada ya kubainika kwamba California kuna kampuni nyingine inayoitwa Satellite, ndugu wale wawili walichukua herufi mbili za Stewart na mbili za Axton, wakapata Stax. Ushirikiano na Atlantic uliendeshwa kwa neno la mdomo na kupeana mikono. Kwa miaka kadhaa hakukuwa na karatasi ya maana kati yao, na kila upande ulikuwa unaridhika.

Hapa inabidi kutenganisha mambo mawili ambayo hata leo wasanii wengi huyachanganya. Wimbo una haki ya utunzi, yaani maneno na lahani, na una haki ya rekodi, yaani ule mkanda wenyewe uliorekodiwa, ambao watu wa muziki wanauita masta. Mtunzi analipwa kwa utunzi, hata wimbo ukiimbwa na watu kumi. Mwenye masta anaamua santuri ichapwe au isichapwe, itumike kwenye filamu gani, iuzwe kwa nani, na pesa ya mauzo inaanzia kwake. Stax ilikuwa na kampuni yake ya kusimamia utunzi, East Memphis Music, kwa hiyo upande huo haukuwa mtupu. Lakini lebo bila masta haina cha kuuza kesho.

Mwaka 1965 Stewart alianza kuwa na wasiwasi. Zilikuwepo habari kwamba huenda Atlantic ingeuzwa siku moja. Yeye alimwamini Wexler, hakuwaamini watu asiowajua. Akaomba mkataba wa maandishi, wenye kifungu kinachomruhusu kujitoa endapo Wexler hatakuwa tena mwenye hisa Atlantic. Mkataba ukaja kutoka New York, akatazama kifungu alichokitaka, akakiona, akatia sahihi. Hakuusoma wote, na hakumpa mwanasheria ausome. Ndani yake, katika lugha ya kisheria, kulikuwa na maneno yanayosema kwamba rekodi zote zinazosambazwa na Atlantic, za nyuma na za mbele, ni mali ya Atlantic. Stewart alidhani ametafuta gari la kupeleka mazao sokoni. Karatasi ilisema ameuza shamba.

Kinachouma ni kwamba mkataba huo aliuomba mwenyewe, kwa ajili ya kujilinda. Wexler alieleza baadaye kwamba kifungu kile kiliwekwa na wanasheria na kwamba hata yeye hakukijua. Inawezekana. Haikubadilisha kitu.

Mwaka 1967 Atlantic ikauzwa kwa Warner Bros.-Seven Arts. Kifungu cha Stewart kikaanza kufanya kazi, akafungua mazungumzo ya ama kuendelea ama kuondoka. Wakati huohuo, tarehe 10 Desemba 1967, ndege ya Otis Redding ikaanguka katika Ziwa Monona, Madison, jimbo la Wisconsin. Otis alikuwa na miaka 26. Pamoja naye walikufa vijana wanne wa bendi ya Bar-Kays ya Memphis. Mpiga tarumbeta Ben Cauley ndiye pekee aliyetoka hai. Siku tatu kabla ya ajali Otis alikuwa studio akimalizia "Dock of the Bay". Cropper ndiye aliyekaa kuichanganya rekodi hiyo rafiki yake akiwa ameshafariki, akaweka sauti za mawimbi na ndege wa baharini.

Halafu, tarehe 4 Aprili 1968, Martin Luther King akauawa katika Hoteli ya Lorraine, Memphis. Hoteli hiyo ilikuwa mahali ambapo watu wa Stax, weusi kwa weupe, waliweza kukaa pamoja. Cropper na mwimbaji Eddie Floyd waliandikia humo "Knock on Wood". Baada ya siku ile, wanamuziki wenyewe wamesema, hali ndani ya studio haikurudi kuwa ya kawaida.

Katika miezi hiyohiyo Stewart alikataa masharti ya wamiliki wapya, akaomba masta zake aondoke nazo. Ndipo alipoonyeshwa mkataba. Sam & Dave nao, waliokuwa wametoa vibao vikubwa kwa jina la Stax, walikuwa wameazimwa tu kutoka Atlantic, wakarudi kwao. Kufikia Mei 1968 Stax ilikuwa na jina, jengo na wapigaji, na basi.

Ungetegemea hadithi iishie hapo. Haikuishia, na sifa kubwa ni ya Al Bell, mtangazaji wa redio mweusi aliyeajiriwa 1965 kusukuma mauzo. Stax ikauzwa kwa kampuni ya Gulf & Western, na Bell akaja na hoja nyepesi kusema, ngumu kutenda: hatuna masta za zamani, basi tutengeneze mpya kwa mkupuo. Mwaka 1968 "Who's Making Love" ya Johnnie Taylor ikauza zaidi ya nakala milioni moja. Mwaka 1969 zikatolewa albamu 27 kwa pamoja. Moja wapo karibu hakuna aliyeitegemea: Isaac Hayes, mtunzi aliyezoea kukaa nyuma ya wengine, aliachiwa afanye anavyotaka, akatoa "Hot Buttered Soul" yenye nyimbo 4 tu, mmoja wapo wa zaidi ya dakika 18. Ikauzika kuliko zote. Kwa lebo za muziki wa watu weusi zilizoishi kwa santuri ndogo za dakika tatu, hilo liliwafungulia wasanii milango ya albamu. Aprili 1972 Hayes alipata tuzo ya Oscar kwa wimbo wa filamu ya "Shaft". Tarehe 20 Agosti mwaka huo Stax ikafanya tamasha la Wattstax katika uwanja wa Coliseum, Los Angeles, kiingilio dola 1, na watu zaidi ya 100,000 wakajaa. Kampuni ilikuwa imeshanunuliwa tena na Stewart na Bell, na baadaye Bell akamnunua Stewart hisa zake.

Kosa la pili lilifanana na la kwanza kuliko ninavyopenda kukiri. Mwaka 1972 Bell aliingia mkataba wa usambazaji na CBS, kampuni kubwa kuliko zote, akitegemea uelewano wake na bosi wa kampuni hiyo, Clive Davis. Mei 1973 Davis akafukuzwa kazi. Waliobaki hawakuwa na haja na Stax. Santuri zikawa hazifiki madukani kwenye mitaa ya weusi palipokuwa na wanunuzi, na Stax haikuruhusiwa kupeleka yenyewe. Mara zote mbili lebo ilikabidhi njia yake ya kufika sokoni kwa mtu mmoja katika jiji jingine, na mtu huyo akaondoka. Madeni ya benki ya Union Planters yakalimbikizana. Stewart, aliyerudi kusaidia, aliweka mali yake dhamana na kuipoteza. Desemba 1975 mahakama ikaifunga Stax. Bell alishtakiwa kwa udanganyifu wa benki, na mwaka 1976 akaachiwa huru na baraza la mahakama.

Jengo la McLemore lilibomolewa 1989. Mwaka 2003 palepale pakajengwa makumbusho yenye sura ileile ya sinema, na jirani yake kuna chuo cha muziki cha watoto wa mtaa.

Mgawanyiko wa 1968 unaonekana hadi leo, kwenye rafu. Santuri ndogo zote za Stax na Volt zilikusanywa katika seti tatu miaka ya 90. Ya kwanza, ya mwaka 1959 hadi 1968, ilitolewa na Atlantic mwaka 1991. Ya pili na ya tatu, kuanzia 1968 hadi 1975, zilitolewa na Fantasy, kampuni ya California iliyokuwa imenunua mabaki ya Stax mwaka 1977, na ambayo sasa iko chini ya Concord. Studio ni ileile na wapigaji wengi ni walewale, lakini Otis Redding yuko kwenye seti ya Atlantic.