Sumukuvu: jinsi sumu ya ukungu inavyoharibu ini, na kwa nini kuipika hakusaidii

Mwaka 1960 batamzinga zaidi ya 100,000 walikufa nchini Uingereza katika kipindi cha miezi michache. Walipopasuliwa, ini lilikuwa limevuja damu na sehemu zake zimekufa. Hakukuwa na kirusi wala bakteria. Kilichokuwa kimeunganisha mashamba yote yaliyopata msiba ni chakula cha mifugo chenye mashudu ya karanga kutoka Brazil. Muda si mrefu mashudu ya karanga ya Afrika Mashariki nayo yakagundulika yanaua vifaranga wa bata kwa namna ile ile. Sumu ilitoka kwa kuvu aitwaye Aspergillus flavus, anayeishi kwenye udongo na kwenye mabaki ya mazao. Sumu hiyo ni aflatoksini, ambayo kwetu imezoeleka kwa jina la sumukuvu. Iliyo kali kuliko zote katika kundi lake ni aflatoksini B1.

Watu wengi hudhani sumu ni kitu kinachoingia mwilini kikiwa kikali tayari, kama tindikali. Aflatoksini B1 haiko hivyo. Ikimezwa hupita ukuta wa utumbo, huchukuliwa na damu hadi kwenye ini, na huko ndiko inakotengenezwa kuwa hatari. Ini lina vimeng'enya ambavyo kazi yake ni kubadilisha kemikali ngeni ili zitoke kwa mkojo au kwa nyongo. Vikiishika aflatoksini B1, huigeuza kuwa kitu kipya kiitwacho epoksidi, ambacho hakitulii: hujibandika kwenye chochote kilicho karibu. Kikijibandika kwenye protini nyingi kwa mpigo, seli za ini hufa. Kikijibandika kwenye DNA, hukamata guanini, mojawapo ya herufi nne za DNA, na seli inapojigawa herufi hiyo inaweza kunakiliwa vibaya. Watafiti waliochunguza uvimbe wa saratani ya ini kutoka Qidong nchini China na kutoka kusini mwa Afrika walikuta kosa moja likijirudia mahali pamoja, kwenye nafasi ya 249 ya jeni iitwayo TP53, ambayo kwa kawaida huzuia seli zilizoharibika zisiendelee kuzaana. Ni nadra sana sumu ya kwenye chakula kuacha alama iliyo wazi kiasi hicho. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, limeiweka aflatoksini katika kundi la 1, yaani vitu vilivyothibitishwa kusababisha saratani kwa binadamu.

Wanyama hawalingani mbele ya sumu hii, na sababu ya tofauti hiyo inatufundisha mengi kuhusu sisi wenyewe. Kwa kifaranga wa bata, dozi inayoua nusu ya kundi ni kama miligramu 0.3 tu kwa kila kilo ya uzito wake. Panya wadogo wa maabara (mouse kwa Kiingereza) huhitaji miligramu 9 hivi, karibu mara 30. Si kwamba ini la panya mdogo halitengenezi epoksidi. Linatengeneza kwa wingi. Lakini lina kimeng'enya kingine chenye kasi kubwa, kinachoifunga epoksidi kwa glutathioni, kemikali ya mwili inayonasa sumu, na kuitupa nje kabla haijafika kwenye DNA. Panya wakubwa (rat) hawana kinga hiyo kwa kiwango hicho, na hupata saratani ya ini hata kwa kiasi kidogo cha sumu kwenye chakula. Binadamu naye kinga yake ya glutathioni dhidi ya epoksidi hii ni dhaifu. Kwa hiyo anayesema "hata panya wanakula mahindi haya na hawafi" hajapima chochote.

Dozi ndiyo inayoamua

Tanzania na Kenya zinaruhusu aflatoksini isiyozidi mikrogramu 10 kwa kilo ya mahindi, na katika hizo B1 isizidi 5. Hiyo ni sawa na gramu moja ya sumu iliyotawanywa kwenye tani 100 za nafaka. Mtu mzima wa kilo 60 anayekula unga gramu 400 kwa siku ulio kwenye kikomo hicho humeza mikrogramu 4, ambazo ukizigawa kwa uzito wake hupati hata 0.1 kwa kilo.

Sasa chukua mahindi yaliyopimwa mashariki mwa Kenya mwaka 2004, wakati wa mlipuko uliokumba zaidi Makueni na Kitui. Baadhi yalikuwa na B1 hadi mikrogramu 4,400 kwa kilo. Mtu yule yule, kwa ugali ule ule, anameza mikrogramu 1,760 kwa siku, sawa na 29 kwa kila kilo ya mwili wake. Mtoto wa kilo 10 akila gramu 100 tu za unga huo anapata 44 kwa kilo, yaani zaidi ya baba yake japo amekula robo ya chakula chake. Makadirio ya kitaalamu yanaonyesha kwamba mikrogramu 20 hadi 120 kwa kilo ya mwili kwa siku, zikiliwa kwa wiki moja hadi tatu, zinaweza kuua. Kule Kenya waliougua walikuwa 317, wakafa 125. Mwaka 2016 ikatokea Dodoma na Manyara: wagonjwa 68, vifo 20. Magharibi mwa India mwaka 1974 watu 106 walikufa, na mbwa waliokuwa wakila chakula cha familia walikufa pia. Mbwa na watu wa nyumba moja wakipata macho ya manjano kwa pamoja, daktari mzuri huanza kuuliza kuhusu ghala.

Dalili za dozi kubwa huanza kama ugonjwa wowote wa tumbo: kutapika, kukosa hamu ya kula, maumivu ya tumbo. Baadaye macho huwa ya manjano, mkojo hukolea, tumbo hujaa maji na miguu huvimba. Hakuna dawa ya kuizima aflatoksini ikishaingia. Hospitali humsaidia mgonjwa abaki hai wakati ini linajitengeneza, kama bado lina uwezo.

Dozi ndogo ya kila siku haina dalili yoyote kwa miaka, na ndiyo inayowahusu watu wengi zaidi. Hapo sumukuvu ina mshirika mbaya: kirusi cha homa ya ini B. Katika utafiti wa Shanghai uliofuatilia wanaume zaidi ya 18,000, wenye alama za aflatoksini kwenye mkojo walikuwa na hatari ya saratani ya ini karibu mara 3 ya wengine, wenye kirusi peke yake mara 7, na wenye vyote viwili karibu mara 60. Kirusi hulazimisha seli za ini kufa na kuzaliwa upya mfululizo, na kila seli inapozaliwa makosa ya DNA yanayoletwa na sumu hupata nafasi ya kudumu. Ndiyo sababu chanjo ya homa ya ini B, ambayo watoto huipata ndani ya chanjo ya mseto iitwayo pentavalenti wakiwa na wiki 6, 10 na 14, inahesabika pia kuwa kinga dhidi ya madhara ya sumukuvu.

Kuhusu kudumaa kwa watoto, tuseme kwa uangalifu. Utafiti wa Benin na Togo ulionyesha kwamba watoto wenye aflatoksini nyingi kwenye damu ni wafupi kuliko wenzao. Kwamba sumu yenyewe ndiyo inayowadumaza bado haijathibitishwa, maana nyumba zenye mahindi yenye ukungu huwa pia na umaskini, kuhara na chakula cha aina moja.

Kwa nini jicho na moto havitoshi

Aflatoksini safi huanza kuvunjika kwenye joto la zaidi ya nyuzi 230. Maji ya ugali yanachemka kwenye 100. Kwa hiyo moto unaua kuvu na kuiacha sumu yake. Kukaanga karanga hupunguza kiasi fulani, si yote. Kuchachusha pombe hakuiondoi. Nafaka iliyooza ikipelekwa kwenye kangara au busaa, sumu inaenda nayo.

Wala ukungu unaoonekana si kipimo. Mahindi yanaweza kuwa na kuvu wa kijani asiyetoa sumu, na yanaweza kuwa safi machoni huku kuvu aliyetoa sumu alishakufa miezi iliyopita. Zaidi ya hapo, sumu haisambai sawasawa. Punje moja ya karanga iliyooza imewahi kupimwa na kukutwa na kiwango cha zaidi ya mikrogramu 1,000,000 kwa kilo. Fanya hesabu: punje ya nusu gramu ya namna hiyo ina mikrogramu 500, zinazotosha kulifikisha gunia la kilo 50 kwenye kikomo cha 10. Ndiyo maana majibu ya maabara huwa na maana pale tu sampuli ilipochukuliwa vizuri: chomeka bambo juu, katikati na chini ya magunia mengi, changanya, saga zote, ndipo utoe kidogo cha kupima. Konzi moja ya juu ya gunia haisemi lolote, hata mashine ikiwa ya bei gani.

Habari njema ni kwamba kutokulingana huko kunafanya kuchambua kuwe na nguvu. Toa punje zilizosinyaa, zilizovunjika, zilizobadilika rangi na zilizotobolewa na wadudu. Sehemu kubwa ya sumu hutoka nazo. Kukoboa nako hupunguza, kwa kuwa sumu nyingi hukaa kwenye ganda na kiini. Dona lina virutubisho zaidi ya sembe, hilo ni kweli, lakini dona la mahindi yasiyochambuliwa ni biashara mbaya. Karanga zichambuliwe kabla ya kusagwa. Hapa unga wa lishe wa watoto unatutia wasiwasi kuliko chakula kingine chochote: huchanganya mahindi na karanga, mazao mawili yenye hatari kubwa, husagwa pamoja, na hulishwa mtu mwenye kilo saba. Nunua nafaka nzima, chambua mwenyewe, kisha peleka mashineni.

Zile mbovu zisipewe kuku wala ng'ombe. Ng'ombe akila B1, ini lake huigeuza sehemu kuwa aflatoksini M1, ambayo hutoka kwenye maziwa. Kwa kawaida ni asilimia 1 hadi 2 ya aliyokula, na zaidi kwa ng'ombe anayekamuliwa maziwa mengi. Pumba na mashudu vina hatari ile ile. Fukia mbali na shamba.

Ghalani

Kuvu huanza shambani, hasa mahindi yakipata ukame na joto wakati wa kujaza punje, au wadudu wakiyatoboa. Kwa maeneo yenye historia ya tatizo kuna Aflasafe: mbegu za mtama zilizopakwa Aspergillus flavus asiyeweza kutoa sumu, ambaye huwahi kushika nafasi ya yule mbaya. Humwagwa kilo 4 kwa ekari, wiki mbili hadi tatu kabla ya mahindi kutoa maua, udongo ukiwa na unyevu. Ukimwaga kwenye udongo mkavu kuvu hatoi vijimbegu vyake (spora), na ndege watakula mtama wako.

Kisha kuna kukausha, na hapo ndipo wengi huharibu. Usirundike mahindi mabichi kwenye pembe ya chumba ukisubiri jua. Tandaza kwenye turubai, si juu ya udongo, unene wa sentimita 3 hadi 5, geuza mara kadhaa kwa siku, funika usiku kabla umande haujashuka. Lengo ni unyevu wa asilimia 13 au pungufu kwa mahindi, na 7 kwa karanga zilizobanguliwa.

Kama huna kipima unyevu, tumia chumvi. Chukua chupa ya kioo iliyokauka kabisa, weka mahindi hadi theluthi, ongeza vijiko viwili au vitatu vya chumvi iliyokaushwa, funga, tikisa kwa nguvu dakika moja, acha dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, unyevu umezidi 15. Isipoganda, umeshuka chini ya 15, na hapa ndipo watu hukosea: 15 si 13. Ongeza siku moja au mbili za jua kali. Kung'ata punje kwa meno si kipimo cha kutegemea.

Mifuko isiyopitisha hewa, kama ya PICS yenye tabaka tatu, huua dumuzi kwa kuwanyima oksijeni na huzuia kuvu kuendelea. Haikaushi nafaka. Ukiweka mahindi mabichi humo, maji yamefungiwa ndani, na kila ukifungua kuchota unaingiza oksijeni kwa kuvu. Jaza hewa kwenye mfuko wa ndani uone kama umetoboka, toa hewa yote unapofunga kila tabaka peke yake, na tenga mfuko mmoja wa kuchota kila siku ili mingine ibaki imefungwa.

Qidong ilipopata uhuru wa kununua mchele badala ya kutegemea mahindi yake, alama za aflatoksini kwenye damu ya watu zilishuka sana na vifo vya saratani ya ini vikafuata kushuka. Anayeweza kubadilisha ugali wa mahindi kwa mtama, wali, muhogo au ndizi siku kadhaa za wiki amepunguza dozi yake bila kupima chochote.

Watu wawili au zaidi wa nyumba moja wakipata macho ya manjano na tumbo kujaa, acheni unga huo siku hiyo hiyo na nendeni hospitali. Msimpe mgonjwa pombe, mitishamba wala dawa za maumivu bila ushauri, paracetamol ikiwemo, kwani zote hupita kwenye ini lile lile. Unga usitupwe: weka kilo moja au mbili kwenye mfuko wa karatasi, mahali pakavu, andika tarehe na mahali ulikonunuliwa, mkabidhi afisa afya. Mwambieni pia kama kuku au mbwa wamekufa.