Mwenye vifimbo siye anayeshusha ndege

Kwenye boti ya kuvuka kutoka uwanja wa Manda kuja Lamu mjini, mama mmoja alimwambia mwanawe: "Yule mwenye vifimbo vya rangi ndiye anayeshusha ndege." Wengi tunaamini hivyo. Yule huionyesha ndege pa kuegesha, tena ikiwa imeshatua.

Anayepanga mshuko ni muongozaji ndege, ambaye mara nyingi rubani humsikia tu redioni. Mafunzo yake ni mazito mno. Hukaa mbele ya skrini inayoiga anga, mkufunzi akimrundikia ndege: ya propela iendayo taratibu mbele, jeti inaifukuzia nyuma. Azitenganishe kwa kimo, kwa kawaida futi 1,000, au kwa umbali, huku akikumbuka kwamba ndege kubwa huacha nyuma yake vimbunga vya hewa viwezavyo kuibinua ndogo. Rubani naye hurudia maagizo ya kimo neno kwa neno; akikosea tarakimu moja, muongozaji amsahihishe papo hapo. Sikio hilo hufunzwa.

Akifuzu darasani, bado hashiki redio peke yake. Huketi na mzoefu kituoni mpaka apasishwe, na akihamishiwa kwingine hujifunza upya anga ya huko.