Mlinzi wa taa hakuizamisha Victory

Kuna manowari ya Uingereza iliyozama mwaka 1744, na watu huisimulia vibaya. "Victory ni ile manowari ya Nelson." Hapana, siyo hiyo. Ya Nelson, admirali maarufu wa Uingereza, inayotunzwa Portsmouth mpaka leo, ilishushwa majini mwaka 1765. Kabla yake palikuwa na Victory nyingine yenye mizinga 100, iliyoshushwa 1737, na haikutimiza miaka minane baharini. Ilizama na watu wapatao 1,100, hakupona hata mmoja.

"Iligonga miamba ya Casquets kwa kuwa mlinzi wa mnara hakuwasha taa." Casquets ni miamba ya baharini kati ya Uingereza na Ufaransa, na uzushi huu ndio unaoniuma zaidi. Oktoba 1744, Admirali John Balchen, mzee wa miaka 74 aliyerudishwa kazini baada ya kustaafu, alikuwa anatoka Ureno, alikokwenda kuokoa msafara wa meli za shehena uliozuiwa na Wafaransa mtoni Tagus. Walipokaribia nyumbani, dhoruba ikazitawanya meli zake. Nyingine zikafika bandarini, Victory haikuonekana tena.

Wakazi wa kisiwa cha Alderney walisema walisikia mizinga ikilia usiku, na mabaki ya meli yakaokotwa fukweni huko visiwani. Casquets iko jirani, minara yake mitatu iliwaka kwa moto wa makaa, na kwenye moto huo alikuwepo mtu wa kutupiwa lawama. Kesi ikaishia hapo.

Mwaka 2008 kampuni ya Marekani, Odyssey Marine Exploration, iliikuta meli yenyewe sakafuni mwa bahari, karibu kilomita 100 kutoka Casquets. Mizinga miwili ya shaba iliyotolewa ndiyo iliyoitambulisha. Mmoja una nembo ya Mfalme George wa Kwanza, na risasi yake moja ilikuwa na uzito wa kilo 19 hivi. Ubao huelea na mkondo ukaupeleka utakako. Mzinga kama huo hutua pale pale chombo kilipozamia. Basi hata kama moto wa Casquets ungewaka kwa nguvu zake zote usiku ule, usingeonekana kutoka huko.

"Ilibeba tani za dhahabu." Chanzo chake ni gazeti la Amsterdam la 1744, lililoandika kwamba ilikuwa na pauni 400,000 za wafanyabiashara. Kamera zilizoshushwa pale ziliona mizinga, na kati ya mizinga, mifupa ya watu.